Uzee Hauli Meno

Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa, msimu wa korosho unapofika, ni nadra kukuta nyumba isiyokuwa na korosho za kukaanga, hata kama ni kiganja kimoja tu. Watoto hula, baba hula, na wageni hukaribishwa kwazo. Lakini mara nyingi yuko mmoja pale barazani ambaye huzitazama tu, au humngoja mjukuu amtwangie kwenye kinu. Huyo ni bibi. Ukimwuliza, atakujibu kwa upole, "Meno yameisha, mwanangu. Uzee huo."

Jibu hilo tumelisikia tangu utotoni, nasi tumelipokea kama tunavyopokea mvi na makunyanzi. Je, ni kweli kwamba uzee huondoa meno? La hasha. Meno ya mtu mzima ni 32, na yakitunzwa yanaweza kumhudumia mwenyewe mpaka mwisho wa maisha yake. Kinachoyaondoa ni magonjwa mawili yanayoanza mapema, tena mengi ya madhara yake yanaweza kuzuiwa. Kwa sababu magonjwa hayo huchukua miaka mingi kumaliza kazi yao, lawama huangukia uzee.

Mfano mzuri ni nchi ya Japani. Mwaka 1989 walianza kampeni iliyoitwa "80 na 20", yaani kila mtu afikishe umri wa miaka 80 akiwa na meno yake mwenyewe 20 au zaidi, kwa kuwa mtu mwenye meno 20 anaweza kutafuna karibu kila chakula. Wakati ule wazee waliofikia lengo hilo walikuwa wachache sana. Uchunguzi uliofanyika mwaka 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wazee wa umri huo walikuwa wamelifikia. Uzee ni ule ule. Kilichobadilika ni matunzo.

Basi, sisi akina mama tunaolea watoto na pia kuwatunza wazazi na wakwe zetu, tunaweza kufanya nini?

Maadui wawili wa meno

Adui wa kwanza ni kuoza kwa meno. Mdomoni mwa kila mtu kuna vijidudu. Tunapokula kitu chenye sukari, vijidudu hivyo hula sukari hiyo na kutoa tindikali. Tindikali hiyo hulainisha gamba gumu la nje la jino. Mate hujaribu kulirekebisha, lakini tindikali ikija mara kwa mara mate hushindwa, na tundu huanza. Mwanzoni tundu haliumi. Linapoanza kuuma usiku na kukunyima usingizi, mara nyingi limekwisha kufika ndani kwenye mshipa wa fahamu.

Adui wa pili ni ugonjwa wa fizi. Utando laini hujengeka kwenye meno kila siku. Usipoondolewa hugeuka kuwa ukoga mgumu kama chokaa, nao hukaa pale jino linapokutana na ufizi. Fizi huvimba, huwa nyekundu na kutoa damu. Taratibu ufizi hujitenga na jino, mfupa wa taya unaoshika jino huliwa, na jino hulegea. Jambo la hatari ni kwamba ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Mtu anaweza kuwa nao tangu ana miaka 30, na akifika 55 meno mazima yasiyo na tundu hata moja yanaanza kucheza. Ndipo anaposema, "Ni uzee."

Wengi wetu tukiona damu kwenye mswaki tunaacha kupiga mswaki mpaka fizi zipone. Hapo tunawaachia vijidudu nafasi. Damu ni dalili kwamba ufizi unahitaji kusafishwa zaidi, kwa upole. Safisha kila siku, na kama baada ya wiki mbili damu bado inatoka, nenda kwa mtaalamu wa meno akuondolee ukoga.

Mtoto mchanga na "meno ya plastiki"

Safari ya meno ya uzeeni huanzia kwa mtoto mchanga. Meno ya kwanza huanza kuota karibu na miezi sita. Umri huo ndio pia mtoto huanza kutambaa, kuokota vitu na kuvitia mdomoni, na kupewa vyakula vingine mbali na maziwa ya mama. Kwa hiyo kuhara na homa huwa vingi. Tangu miaka ya 1980 imeenea katika sehemu nyingi za Tanzania imani kwamba kuhara huko kunasababishwa na "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni", na kwamba ni lazima yang'olewe. Anaitwa mtu mwenye kisu, sindano au spoku ya baiskeli, naye huchokonoa ufizi wa mtoto.

Mama mpendwa, hakuna jino la plastiki. Kile kitu cheupe na laini kinachotolewa ni chonge la utotoni ambalo halijakomaa. Mtoto anaweza kufa kwa kutokwa na damu, kwa pepopunda, au kwa maambukizo mengine. Akipona, anaweza kuota meno ya ukubwani yaliyopinda au kukosa kabisa baadhi yake, maana vichipukizi vyake viko jirani na pale palipochokonolewa. Mtoto anayehara apewe maji yenye chumvichumvi maalumu, aendelee kunyonya, na apelekwe zahanati. Hata kama mama mkwe au jirani anasisitiza, jibu kwa heshima, lakini usimtoe mtoto.

Gego la miaka sita

Kuna jino moja ambalo kila mama anapaswa kulijua. Mtoto anapofikisha karibu miaka sita, nyuma kabisa ya magego ya utotoni huota gego jipya, juu na chini, kulia na kushoto. Magego haya manne hayasubiri jino lolote kung'oka, kwa hiyo mama hayaoni yanapokuja. Na akiyaona, hudhani ni ya utotoni. Yakianza kuoza husema, "Acha tu, yataota mengine."

Hayataota mengine. Gego la miaka sita ni jino la ukubwani. Ndilo litakalotafuna muhogo, nyama na mahindi ya kuchoma kwa miaka 70 na zaidi. Juu yake lina mifereji ambamo chakula hunasa kwa urahisi, na mkono wa mtoto haufiki vizuri huko nyuma. Kwa hiyo mtoto wa umri huo bado anahitaji kusaidiwa kupiga mswaki, walau usiku, mpaka afikishe miaka minane hivi. Mlaze kichwa mapajani mwako penye mwanga, umfungue mdomo na kumsafishia wewe mwenyewe.

Sukari: hesabu ni mara ngapi

Wazee wetu wa zamani walikula ugali wa mtama na wa muhogo, mbaazi, kunde, mboga za majani na samaki. Sukari ilikuwa kitu cha nadra. Siku hizi mwezi wa korosho au wa ufuta ukifika na fedha zikapatikana, kitu cha kwanza kuingia nyumbani ni soda, biskuti na pipi, nasi tunaona tunawapenda watoto.

Si lazima kuikataa sukari kabisa. Lakini jua kwamba kwa meno, zaidi ya wingi wa sukari, linaloumiza ni idadi ya mara inapoingia mdomoni. Mtoto anayekunywa soda moja pamoja na chakula cha mchana hupata shambulio moja la tindikali. Mtoto anayemumunya ubuyu wa sukari au pipi tangu asubuhi mpaka jioni hushambuliwa siku nzima, na mate hayapati nafasi ya kurekebisha. Vivyo hivyo mtu mzima anayekaa na chai yenye sukari nyingi, akionja kidogo kidogo kutwa nzima.

Kwa hiyo, vitu vitamu viliwe wakati wa mlo, si katikati. Njaa ya saa kumi ipewe karanga, korosho, muhogo wa kuchemsha au tunda, na kiu ipewe maji. Na mtoto asilale na chupa ya uji au chai yenye sukari mdomoni, kwa kuwa usiku mate hupungua na meno hayana ulinzi.

Mama mjamzito na fizi zake

Wanawake wengi huamini kwamba kila mimba huchukua jino moja, eti mtoto hunyonya chokaa kutoka kwenye meno ya mama. Si kweli. Chokaa ya mtoto hutoka katika chakula cha mama, na kikipungua hutolewa katika mifupa yake, si katika meno. Ila kuna sababu iliyofanya imani hiyo ionekane kweli. Wakati wa ujauzito mabadiliko ya homoni hufanya fizi zivimbe na kutoa damu upesi. Tena kichefuchefu humfanya mama achukie mswaki, na matapishi yana tindikali kali.

Ukitapika, usipige mswaki papo hapo, kwa maana gamba la jino limelainika. Sukutua kwa maji, ungoje kama nusu saa, ndipo upige mswaki. Ukiwa na jino bovu, mwambie mkunga kliniki. Matibabu ya meno hufanyika katika ujauzito, na wakati ulio rahisi zaidi ni miezi ya kati. Jino lenye usaha ni hatari zaidi kwako kuliko matibabu.

Jinsi ya kupiga mswaki

Piga mswaki mara mbili kwa siku, na ule wa kabla ya kulala usikose kamwe. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayoimarisha gamba la jino. Mtu mzima asugue kama dakika mbili. Mtoto wa chini ya miaka mitatu atiwe dawa kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya mbaazi. Uelekeze mswaki pale jino linapokutana na ufizi, usugue taratibu kwa miduara midogo, nje, ndani na juu. Kusugua kwa nguvu kama anayesugua sufuria hukwangua fizi na kuacha mizizi wazi. Ukimaliza tema povu, wala usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kufanya kazi. Kila mtu na mswaki wake.

Je, mswaki wa mti? Shirika la Afya Duniani limewahi kuhimiza utumiaji wake pale unapotumika kwa desturi. Kijiti kilichotafunwa ncha vizuri husafisha, mradi kifike mpaka magego ya nyuma na upande wa ndani, ambako wengi husahau. Ukiweza, kichovye katika dawa ya meno yenye floraidi. Lakini mkaa na mchanga viache, kwa kuwa hukwaruza gamba la jino. Na ugoro na sigara huharibu fizi, tena huweza kuleta saratani ya mdomo.

Uliza kwanza: "Je, linaweza kuzibwa?"

Sasa tufike kwenye jambo zito. Wengi wetu tunamjua mtaalamu wa meno kama mtu wa kung'oa. Tunangoja mpaka maumivu yatushinde, halafu tunapanda gari kutoka Kilimarondo au Mbekenyera, na tukifika tunasema, "Ng'oa tu, niondokane nalo." Lakini jino moja likitoka, majirani zake huanza kulalia pengo, la juu hushuka, chakula hunasa, na kuoza huendelea. Mapengo huzaa mapengo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kuhusu kuziba meno, nchi yetu ina habari njema ambayo wengi hawaijui. Katikati ya miaka ya 1980, mganga wa meno Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifundisha chuo cha waganga wa meno Dar es Salaam, alianzisha hapa Tanzania njia ya kuziba meno isiyohitaji umeme wala mashine ya kukereza. Mtaalamu hutumia vyombo vya mkono kukwangua sehemu iliyooza na kulainika, kisha hujaza tundu kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino na kutoa floraidi. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Njia hiyo ilitambulishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu afya ya kinywa, na leo hutumika katika nchi nyingi. Mwaka 2021 saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, iliingizwa katika orodha ya Shirika hilo ya dawa muhimu.

Kwa hiyo unapoona doa jeusi au tundu dogo, nenda wakati haliumi. Mahali pa kwanza pa kuulizia ni hospitali ya wilaya, Nachingwea au Ruangwa. Na kabla ya kukubali jino ling'olewe, uliza kwa adabu, "Daktari, je, linaweza kuzibwa?" Wakati mwingine jibu litakuwa hapana, kwa sababu umechelewa. Lakini ukienda mapema, mara nyingi litakuwa ndiyo.

Maumivu yakikukuta usiku, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa kikombe. Karafuu iliyopondwa hutuliza kwa muda. Usitie kamwe mafuta ya ganda la korosho, maji ya betri, wala aspirini juu ya ufizi, kwa maana vyote huunguza. Uvimbe wa shavu au shingo wenye homa, au unaozuia kumeza au kufungua mdomo, ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Na kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili kionwe na mganga.

Wazee walio nyumbani

Kama mama au mama mkwe amebakiwa na meno sita tu, usiseme hayana kazi. Hayo sita ndiyo ya kulindwa sasa. Mizizi iliyo wazi uzeeni huoza upesi, hivyo dawa yenye floraidi ni ya lazima kwake kama kwa mtoto. Vidole vikiwa vimekakamaa, zungushia mpini wa mswaki kitambaa au kipande cha mpira wa baiskeli ili aushike vizuri. Baadhi ya dawa hukausha mdomo, kwa hiyo anywe maji mara kwa mara. Akiwa na kisukari, fizi zake ziangaliwe zaidi, kwa kuwa kisukari huzidisha ugonjwa wa fizi, nao ugonjwa wa fizi hufanya sukari iwe ngumu kutuliza. Meno ya bandia yavuliwe usiku, yaoshwe kwa sabuni na kuwekwa katika maji safi. Na asiyeweza kutafuna apewe mbaazi zilizoiva sana, mayai, samaki aliyechambuliwa na korosho zilizotwangwa, asije akaachwa na uji mtupu na kudhoofika.

Anza wiki hii

Jumamosi hii, kwenye mwanga wa jua, angalia midomo ya wote nyumbani mwako. Tafuta magego ya miaka sita. Tazama kama kuna madoa, fizi nyekundu, au jino linalocheza. Andika majina ya wanaohitaji kuonwa. Kisha fedha za ufuta au za korosho zitakapoingia, kabla ya kununua kingine, tenga za nauli na matibabu yao. Baba naye aelezwe, ili ajue fedha hizo ni za nini.

Binti yako wa miaka sita akilindwa gego lake leo, anaweza kuwa nalo akiwa bibi. Na wewe mwenye miaka 35 unayetokwa na damu kwenye fizi, bado hujachelewa. Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, piga mswaki.